Daktari, niandikie malaria

Ombi hilo nalisikia mara nyingi. Mgonjwa hapati usingizi kwa mfadhaiko wa akili, lakini anahofia mwajiri akijua atamfuta. Mimi hukataa.

Msomaji, Sheria ya Ajira ya 2007 haibagui maradhi. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo akiugua, hupata angalau siku 7 za mapumziko kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari kwamba hawezi kufanya kazi. Jina la ugonjwa hubaki siri yetu wawili.

Sheria hiyo pia yakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali yake ya akili. Ukifutwa kwa sababu hiyo, una miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba.