Kusikia Sauti na Kutambua Neno

Watu wengi wenye umri mkubwa hulalamika hivi: "Nasikia watu wakisema, lakini sielewi wasemalo." Huo si ukaidi. Nguvu kubwa ya usemi imo katika irabu. Konsonanti kama s, f na sh ni hafifu, nazo zina mitetemo mingi zaidi kwa sekunde. Sikio linalozeeka hupoteza kwanza sauti za mitetemo mingi. Basi mtu husikia irabu vizuri, asiweze kutenganisha fika na shika.

Ndiyo maana kupima sikio kwa milio mitupu hakutoshi. Mpimwa huvaa visikizi katika chumba kimya, husomewa maneno moja moja, naye hurudia kila neno kama alivyolisikia. Midomo ya msomaji haionekani, la sivyo macho yatasaidia masikio. Katika orodha ya maneno 50, kila neno sahihi ni alama 2 kwa mia. Kwa kawaida alama hupanda sauti inapoongezwa, kisha hutulia. Zikishuka sana sauti inapozidi kuongezwa, daktari hushuku kuwa kasoro imo katika neva iendayo ubongoni, labda uvimbe, wala si katika sikio lenyewe.

Orodha za Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, zilitokana na kazi ya Vita Kuu ya Pili: kupima mitambo ya mawasiliano, si wagonjwa. J. P. Egan alizieleza mwaka 1948: orodha 20, kila moja ikiwa na maneno 50 ya silabi moja. Baadhi ya maneno hayo hayakuzoeleka, na asiyelijua neno hukosa kwa upungufu wa msamiati. Kwa hiyo mwaka 1952 Ira Hirsh na wenzake, mjini St. Louis, walitoa orodha 4 zenye maneno 200 yaliyo ya kawaida zaidi.

Kuzitafsiri orodha hizo kwa Kiswahili ni kazi bure. Maneno yetu ya silabi moja ni machache mno. Hata mtu lina silabi mbili, m-tu. Yafaa orodha ya Kiswahili ijengwe kwa maneno ya silabi mbili yajulikanayo na wote, kama fua, vua, pata na bata, huku kila sauti ikitokea kwa kadiri itokeavyo katika mazungumzo. Tena mpimaji ajue lugha ya kwanza ya mpimwa. Aliyezoea kutamka dhiki kama ziki asihesabiwe kuwa na kasoro ya sikio.

Wanafunzi wa hisabati wana lao hapa. Mtu mwenye uwezo wa 80 kwa mia akipimwa kwa maneno 50, mchepuko wa alama zake kwa bahati tu ni √(0.8 × 0.2 ÷ 50), yaani karibu 6 kwa mia; kwa maneno 25 ni 8 kwa mia. Hivyo aliyepata 80 mwaka jana na 76 mwaka huu hajathibitika kuwa usikivu wake umepungua.