Gari Kuukuu Likitetemeka: Sikiliza Kabla ya Kununua Kipuri

Magari mengi yanayobeba abiria na mizigo kati ya Sirari, Tarime, Nyamongo na Mugumu, mkoani Mara, Tanzania, yaliingia nchini yakiwa yameshatumika, na yameendelea kufanya kazi ngumu miaka mingi baadaye. Probox au Noah ya namna hiyo ikianza kutetemeka, mara nyingi mwenye gari hukimbilia kubadilisha kipuri kimoja, kisha kingine, mpaka fedha zinaisha na mtetemo uko palepale. Hasara hiyo inaepukika. Kabla ya kwenda gereji, chunguza mambo mawili: mtetemo unaanza wakati gani, na unausikia wapi, kwenye usukani au kwenye kiti?

Likitetemeka limesimama

Simamisha gari, vuta hendibreki, acha injini ikiunguruma, kisha kanyaga mafuta kidogo. Kama linatikisika hapohapo lilipo, usiguse matairi. Injini huenda inamisi kwa sababu ya plagi au koili iliyochoka, au mauntingi, yaani raba zinazoshikilia injini, zimekatika. Plagi ni nafuu kuliko vingine, kwa hiyo zikaguliwe kwanza.

Likitetemeka kwenye mwendo

Kwenye lami ya Sirari kuelekea Musoma, kupitia Daraja la Kirumi, gari linaweza kutulia kwenye mwendo mdogo, kisha likaanza kutetemeka likifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Hiyo ni dalili ya kawaida ya matairi yasiyo na balansi. Usukani ukicheza, anza na matairi ya mbele. Mtetemo ukiwa kwenye kiti, tazama ya nyuma. Anayeingia Hifadhi ya Serengeti, ambako mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, anaweza kukaa na tatizo hili muda mrefu bila kuligundua.

Wakati wa mvua kuna sababu nyingine isiyohitaji fundi. Udongo mweusi wa mbugani unaonata huingia upande wa ndani wa rimu na kukauka huko. Uzito huo wa upande mmoja unatosha kutikisa gari zima. Osha rimu kwa ndani, kisha jaribu tena kabla ya kulipia balansi.

Gari likiyumba hata kwenye mwendo mdogo, pitisha mkono taratibu kuzunguka kila tairi. Tafuta nundu, mpasuko au sehemu iliyoliwa kuliko nyingine, kisha tazama kama rimu imepinda. Tairi lenye nundu limekatika nyuzi za ndani na linaweza kupasuka wakati wowote. Ukinunua tairi la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huharibika hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Usichanganye balansi na alaimenti. Alaimenti ikiharibika, gari huvuta upande mmoja na matairi huliwa vibaya. Kwa kawaida si yenyewe inayotetemesha usukani.

Likitetemeka ukishika breki

Usukani ukicheza wakati wa kupunguza mwendo tu, shuku diski za mbele. Mtetemo ukipiga kwenye kiti, chunguza diski au dramu za nyuma. Kwenye miteremko ya Tarime, breki inayokanyagwa mfululizo hupata moto sana. Shuka kwa gia ndogo, na usimwagie diski maji baridi mara tu unapofika.

Likitetemeka ukikanyaga mafuta au ukikata kona

Mtetemo unaozidi unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachia huweza kutoka kwenye sivijointi ya ndani, au kwenye krosijointi za propela kwa magari yanayosukumwa na matairi ya nyuma. Mlio wa "ta-ta-ta" kwenye kona kali huashiria sivijointi ya nje. Chungulia raba yake: ikipasuka, grisi hutoka, vumbi huingia na chuma huanza kulika. Raba ikibadilishwa mapema, jointi nzima inaweza kuokolewa.

Baada ya barabara mbovu

Vipande vya changarawe na mawimbi huchosha bushi, bolijointi, tairodi na shokapu. Kupima ni rahisi. Egesha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi yanayobaki chini, kisha inua tairi moja kwa jeki. Lishike juu na chini, ulitikise: likicheza, beringi au bolijointi imechoka. Lishike kushoto na kulia: likicheza, chunguza kwanza tairodi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Dalili za kusimama mara moja

Mtetemo ukianza ghafla, hasa baada ya kuziba pancha, egesha pembeni na ukague nati. Nati zilizolegea huweza kung'oa tairi zima. Zikaze kwa kuvuka upande mmoja hadi wa pili, si kwa kufuata mduara, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Simama pia ukiona nundu kwenye tairi, ukisikia mlio wa chuma kwenye gurudumu au usukani ukilegea. Usibebe abiria mpaka tatizo lijulikane.

Ukifika gereji

Usimwambie fundi tu kwamba gari "linatetemeka." Mwambie linaanza mwendo gani, unausikia wapi mtetemo na kama breki au mafuta yanauzidisha. Mwombe akuonyeshe kipuri kinachocheza kabla hakijafunguliwa, kisha mjaribu gari pamoja baada ya kazi. Fundi mzuri hufurahia mteja wa namna hiyo, kwa kuwa humpunguzia kubahatisha, na wewe hulipia ugonjwa halisi wa gari lako.