Filamu Yako Mbele ya Eksirei

SWALI: Nasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda London kupiga picha za harusi ya mdogo wangu kwa kamera ya filamu. Nasikia eksirei za uwanja wa ndege huharibu mikanda. Niibebe vipi? – Msomaji, Temeke

JIBU: Kwanza kabisa, usiiweke kwenye mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege. Mashine zinazokagua mizigo hiyo zina nguvu kubwa, na mkanda ambao haujasafishwa unaweza kutoka na ukungu au michirizi, hata ukiwa wa ISO 100. Ibebe mkononi.

Eksirei za zamani za mizigo ya mkononi haziidhuru sana filamu ya chini ya ISO 800, ingawa athari hujilimbikiza kila inapopita. Hatari iliyopo sasa ni mashine za CT, zinazoangaza begi kutoka pande nyingi. Kodak wenyewe wanashauri filamu isipitishwe humo.

Kwa hiyo omba ikaguliwe kwa mkono. Itie mikanda kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, fika mapema, zungumza kwa upole. Uingereza ofisa anaweza kukataa. Mfuko wa madini ya risasi siupendekezi: ofisa asipoona kilichomo, huenda akaurudisha mashineni.

Kwa harusi, mimi ningenunua filamu London na kuisafishia hukohuko, maana iliyokwisha kusafishwa haidhuriki tena. Na kama kamera ina mkanda ndani, mwambie ofisa mapema asiifungue.