Gita la Besi kwa Asiye na Mwalimu

Kijana wa Ludewa atakaye kujifunza gita la besi pasipo mwalimu, na aanze kwa kuimba besi kwayani. Gita hili, lililoenea baada ya Leo Fender wa Marekani kulitoa madukani mwaka 1951, lina nyuzi 4: E, A, D na G. Ule mnene ukibonyezwa nyuma ya kichuma cha 5 shingoni, sharti utoe sauti ya uzi ufuatao. Kadhalika wa pili na wa tatu. Usipolingana, asiendelee, maana sikio lililozoea upotovu ni taabu kulirudisha.

Kisha aifuate sauti ya msingi tu. Mapambo, wayapendayo mno vijana, yangoje. Kwani atakapoitwa arusini, kinanda kikikosea ni wachache watakaotambua, bali besi ikikosea kwaya yote huyumba. Na ujira wapatane kabla ya kupakia vyombo garini.