Mlo wa Mgahawani: Somo la Insha kwa Darasa la Tano

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Songea hukuta darasani watoto ambao wamekwisha kuwa wateja. Yupo anayenunua andazi kabla ya kengele ya asubuhi. Yupo aliyekula chipsi mayai kibandani pamoja na kaka yake. Yupo aliyeteremka basi kutoka Tunduru au Mbinga, akala wali na maharage pamoja na mama yake. Mambo haya ni mtaji mkubwa kwa mwalimu wa Kiswahili. Lakini mtaji usiotumiwa kwa uangalifu huleta hasara, kama nilivyojifunza mimi mwenyewe.

Kosa lililonifunza

Miaka michache iliyopita nilikagua andalio la somo la mwanachuo mmoja. Aliwataka wanafunzi waandike insha yenye kichwa “Mgahawa Nisioupenda”. Niliona kichwa hicho kinachangamsha, nikatia sahihi. Siku ya somo mvulana mmoja alisimama akasoma kwamba chakula cha mama fulani wa kibandani ni kichafu, na kwamba kila akilaye huumwa tumbo. Darasa likacheka. Msichana mmoja wa dawati la nyuma hakucheka, maana huyo aliyetajwa alikuwa mama yake mzazi. Tulipomwuliza mvulana kama aliwahi kula pale, alijibu kwamba alisikia tu. Msichana hakuonekana shuleni kwa siku mbili.

Nilikwenda kumwomba mama yule radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, huyo mtoto aliona nini hasa?” Sikuwa na jibu. Kosa halikuwa la mvulana. Lilikuwa la kichwa cha insha nilichokipitisha, kwa kuwa kilimdai mtoto hukumu kabla hajafundishwa kutoa ushahidi. Tangu hapo nawaelekeza wanachuo kufuata utaratibu huu.

Madhumuni na zana

Baada ya vipindi viwili vya dakika 40 mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa mpangilio mlo alioula mwenyewe;
(b) kutenganisha aliyoyaona, aliyoyasikia na anayoyadhani;
(c) kutoa shukrani au lalamiko kwa lugha ya adabu.

Zana ni sahani, kikombe, beseni, ndoo yenye bomba, na orodha ya vyakula na bei iliyoandikwa kwenye karatasi ya manila.

Hatua ya kwanza: Msamiati

Wanafunzi wataje maneno wanayoyajua: mgahawa, genge, kibanda, mhudumu, mteja, chenji. Kisha eleza asili ya jina “mama ntilie”. Limetokana na kauli ya mteja mwenyewe: “Mama, nitilie,” yaani nitilie chakula katika sahani. Siku hizi wengi hupendelea “mama lishe”, jina linalotaja kazi ya mtu badala ya sauti ya anayemwagiza. Waulize wanafunzi ni jina lipi lenye heshima zaidi, na kwa sababu gani.

Hatua ya pili: Jedwali ubaoni

Chora safu tatu: Niliyoyaona au kuyaonja, Niliyoyasikia, Ninayoyadhani. Andika sentensi “Chakula kilikuwa kibaya”, kisha uliza: kibaya kwa namna gani? Endelea kuuliza mpaka mtoto mmoja aseme: “Maharage yalikuwa yamepoa, na chumvi ilizidi.” Sentensi ya kwanza haimsaidii mpishi wala mlaji. Ya pili inaonyesha jambo linaloweza kurekebishwa kabla ya sufuria inayofuata.

Fanya vivyo hivyo kwa sifa. Badala ya “Pale ni pazuri”, mtoto aseme: “Nilikaribishwa, nikapewa maji ya kunawa, na dagaa wa Mbamba Bay waliletwa wakiwa wa moto.” Ifikapo safu ya pili, wakumbushe methali: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hatua ya tatu: Igizo

Chagua wanafunzi wawili, mmoja awe mteja na mwingine mama lishe.

Mteja: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu.
Mteja: Asante. Samahani mama, maharage haya yamepoa. Naomba unipashie.
Mama: Pole, mwanangu. Lete sahani.

Rudia igizo, lakini safari hii mteja aanze kwa kufoka: “Chakula gani hiki?” Darasa lilinganishe: ni mteja yupi aliyepata maharage ya moto, na yupi aliyepata ugomvi?

Hatua ya nne: Adabu si kunyamaza

Mwanachuo asidhani kwamba tunawafundisha watoto kuficha ubaya. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi yetu, na ugonjwa huo husambazwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Onyesha beseni lenye maji ambayo watu kadhaa wamenawia, halafu onyesha ndoo yenye bomba na sabuni. Beseni la namna hiyo likiwapo mgahawani, ni jambo linaloonekana kwa macho, na sharti lisemwe. Mtoto amwambie mzazi wake. Mzazi amwambie mwenye mgahawa. Asiposikia, Bwana Afya aarifiwe.

Hatua ya tano: Insha

Kichwa kiwe “Mlo Nilioula Mwenyewe”. Mtoto aeleze alivyofika, alivyopokewa, alichokula, na alivyolipa. Majina ya wenye vibanda yasitajwe. Wapo watoto ambao hawajapata kula mgahawani kwa kukosa fedha. Hao waruhusiwe kueleza mlo wa nyumbani au wa sherehe, wala wasilazimishwe kujieleza mbele ya wenzao.

Sehemu ya malipo yaweza kutumika katika Hisabati. Tuseme chapati moja ni shilingi 500 na chai ni shilingi 300. Aliyekula chapati mbili na chai moja, akatoa shilingi 2,000, atarudishiwa shilingi ngapi?

Tathmini

Usisahihishe tahajia peke yake. Pigia mstari kila hukumu isiyo na ushahidi, kisha andika pembeni: “Uliona nini?” Mwanafunzi airudie sentensi hiyo.

Hitimisho

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikataa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Kibanda cha mama lishe ni sehemu ya jamii hiyo. Mtoto anayejua kusema alichokiona humlinda mlaji asidhurike, na humlinda mpishi asivunjiwe riziki yake kwa uvumi. Kabla hujaingia darasani, soma tena kichwa cha insha yako, kisha ujiulize ni mtoto wa nani atakayekuwa ameketi dawati la nyuma.