Somo: Kasa, Papa na Pweza Wawasaidie Watoto Wetu Kusoma

Wapendwa wanakikundi, safari hii tuweke kando kidogo mambo ya matuta, mbuzi na akiba. Tuzungumze juu ya watoto wetu wa nasari na wale wa gredi ya 1 hadi ya 3.

Siku moja tulitembelea kikundi cha akina mama upande wa Makueni. Msichana mdogo alisimama na kitabu cha sungura na fisi, akakisoma chote bila kukwama. Tukampigia makofi. Halafu mama mmoja akafunika picha kwa kiganja, akaonyesha neno moja tu. "Hili ni neno gani, mwanangu?" Mtoto kimya. Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima! Makofi yetu yalikuwa ya bure. Kama mama yule hangeuliza, mtoto angeendelea hivyo hivyo mpaka madarasa ya juu, ambako kila somo liko ndani ya vitabu. Huko ndiko mtoto asiyejua kusoma huanza kuichukia shule.

Si kosa lake. Hadithi ya sungura ameisikia tangu akiwa mgongoni. Akiona picha ya mbuzi atasema "mbuzi" bila kutazama herufi hata moja. Kusoma ni kupata habari ambayo hukuwa nayo. Basi tumpe mtoto habari za kweli asizozijua bado.

Hapo ndipo wanyama wa baharini wanatufaa. Sisi wa Kitui na Makueni tuko mbali na bahari, kwa hiyo mtoto hawezi kubahatisha. Tena majina yao ni mafupi na rahisi kugawanya: pa-pa, ka-sa, ka-a, ta-a, pwe-za.

Tuanze na mto wetu

Usimrushe mtoto baharini ghafla. Anza na mto Athi, unaopita kati ya Kitui na Makueni. Maji yake hukutana na yale ya mto Tsavo, yakaitwa Galana, mbele yakaitwa Sabaki, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Yaani mvua ikibeba udongo wa shamba letu hadi mtoni, udongo huo unaweza kufika kwa samaki wa Malindi. Mtoto akilielewa hili, bahari inakuwa jirani.

Hatua za kufuata

1. Anza na anachokijua. Kila mtoto hapa ameona kobe. Mwulize kobe hufanya nini akiguswa. Ongeeni kwa Kikamba, aelewe kwanza. Kisha mwambie kwamba baharini kuna ndugu yake kobe, anayeitwa kasa.

2. Andika sentensi 3 au 4 fupi kwa herufi kubwa. Si lazima kununua kitabu. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana au katoni iliyokatwa inatosha, na kipande cha mkaa ndiyo kalamu.

3. Soma kwa sauti huku kidole kikifuata maneno. Msome pamoja, halafu asome peke yake. Akikwama, gawanyeni neno: ka-sa.

4. Ondoa picha. Onyesha neno moja katikati ya sentensi, si la kwanza. Hapa ndipo utajua kama anasoma au anakariri.

5. Uliza swali ambalo jibu lake limeandikwa. "Kasa hutaga wapi?" Akijibu, mwambie, "Nionyeshe mahali panaposema hivyo."

Habari za kweli za kuandika

Kasa: Kasa hawezi kuficha kichwa ndani ya gamba kama kobe. Hutaga mayai kama 100 kwenye mchanga, huyafukia na kurudi baharini. Kasa hutaga Watamu.

Pweza: Pweza ana mikono 8 na mioyo 3. Hana mifupa.

Papa: Papa ni samaki, lakini hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kama ile iliyo ndani ya sikio lako.

Kaa: Kaa ana miguu 10 ukihesabu na magando yake. Hutembea kwa ubavu.

Nyangumi: Nyangumi si samaki. Hupumua hewa na kunyonyesha mtoto wake.

Mtatokea pia mchezo mzuri. Kaa ni mnyama, tena ni kaa la moto, tena ni "kaa chini". Taa ni samaki, tena ni ile ya mezani. Na kamba wa baharini je? Watoto wa Ukambani watacheka sana! Waache wacheke, maana aliyecheka ameelewa.

Mzazi asiyejua kusoma afanye nini?

Usijitoe. Mwambie mtoto akusomee sentensi moja jioni. Uliza, "Neno kasa liko wapi? Lingine kama hilo liko wapi?" Akionyesha mara mbili mahali panapofanana, utaona kwa macho yako. Nyanya aliyesikia kwamba pweza ana mioyo 3 atashangaa, na mtoto atataka kumletea habari nyingine kesho. Hamu hiyo ni bora kuliko kiboko.

Kazi ya kikundi

Mkutano ujao, kila mwanachama alete katoni moja. Vijana waliomaliza shule waandike, mnyama mmoja kwa kila katoni. Mbadilishane kila juma, kama mnavyozungusha pesa zenu.

Jadilini: Je, ni watoto wangapi hapa kwetu tunaowapigia makofi bila kuwafunikia picha? Ni nani atakayewajaribu kwa upole, bila kuwaaibisha?

Haba na haba hujaza kibaba. Neno moja lililosomwa kweli lashinda kitabu kilichokaririwa.