Pampu ya Kujazia Maputo

Je, umewahi kumwona mtumbuizaji akisokota puto refu mpaka likawa na umbo la mbwa au ua? Puto la aina hiyo likijazwa huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 5. Ni gumu kulijaza kwa kinywa, hasa mwanzoni. Tena, mate ya anayelipuliza yanaweza kumpelekea vijidudu vya magonjwa mtoto atakayepewa. Kwa hiyo ni afadhali kutumia pampu.

Namna pampu inavyofanya kazi

Pampu ina silinda, pistoni, mpini na mdomo. Uvutapo mpini, hewa huingia ndani ya silinda. Usukumapo, pistoni huibana hewa hiyo, nayo hutoka mdomoni na kuingia ndani ya puto. Vali huizuia hewa isirudi ilikotoka. Pampu nyingine husukuma hewa unapovuta na unaposukuma pia. Hizo hujaza upesi zaidi.

Mdomo wa pampu uwe mwembamba na laini, usije ukalichana puto.

Puto letu huchukua karibu lita 3 za hewa. Pampu inayotoa sentimita za ujazo 300 kwa kila msukumo italijaza kwa misukumo 10 hivi.

Jaribio: Je, pampu inavuja?

Kifaa: pampu ya baiskeli.

1. Vuta mpini hadi mwisho.
2. Ziba mdomo wa pampu kwa kidole.
3. Sukuma mpini mpaka ushindwe kuendelea, kisha uuachie.

Umeona nini? Mpini ukiruka kurudi nyuma, hewa haikuvuja. Mpini ukizama polepole na kubaki chini, hewa imepenya kando ya pistoni au kidole. Ziba vizuri, urudie. Ikiwa bado unazama, pampu hiyo haifai, hata kama ni kubwa na ina rangi ya kupendeza.

Tahadhari: Puto likipasuka, okota vipande vyote. Mtoto mdogo akitia kipande kinywani kinaweza kuziba njia yake ya hewa, akafa.

Maswali

1. Vali ina kazi gani?
2. Pampu inayotoa sentimita za ujazo 100 kwa msukumo italijaza puto letu kwa misukumo mingapi?
3. Watoto 40 wanangoja maputo. Kati ya pampu hizo mbili, ungemchagulia mtumbuizaji ipi? Eleza sababu.